Lambo Likibaki Tope, Samaki Waende Wapi?



Wiki hii naomba tuache kidogo siasa na bei ya mchele, ingawa kwa sisi wa Kagongwa mchele haukwepeki, tuwazungumzie viumbe wasiokuwa na mbunge wala diwani. Nakusudia samaki, vyura, konokono, kereng'ende na wengine wote wanaoishi katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi: mito, maziwa, mabwawa, malambo na hata yale madimbwi ya kando ya njia. Kwamba hali ya hewa inabadilika, hilo sasa halihitaji mjadala. Suala ni je, viumbe hawa watahimili vipi mabadiliko hayo, na sisi binadamu tunaweza kuwasaidia kwa namna gani? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asichoke kulitafuta. Wengi wao wanajua kuhimili kiangazi kuliko tunavyojua sisi. Kabla ya kufikiria kuwaongezea kitu, tusiwanyang'anye mahali pa kujifichia na njia ya kupita.

Tuanze na mahali penyewe. Asiyefika Kagongwa huijua kwa mchele. Tuko kwenye barabara kuu kati ya Isaka na Kahama mjini, na ukishuka kwenye basi kitu cha kwanza kukusalimia ni mashine za kukoboa mpunga na marundo ya pumba. Mpunga huo hulimwa katika majaruba, mashamba yaliyozungushiwa matuta ili yakinge maji ya mvua. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kikavu. Mito yetu mingi ni ya msimu, inashuka kwa kishindo siku mbili kisha inabaki mchanga. Basi kwa nusu ya mwaka maji ya juu ya ardhi ni yale yaliyobaki kwenye malambo na kwenye vishimo vya mitoni.

Jambo moja wengi hawalijui. Eneo lote lililokuwa wilaya ya zamani ya Kahama ni kama paa la nyumba. Maji ya upande mmoja huelekea Ziwa Victoria, ya upande mwingine hushuka Moyowosi na Malagarasi mpaka Ziwa Tanganyika, na mengine huingia bonde la Manonga na Wembere ambalo halifiki baharini kabisa. Serikali nayo imegawa hivyo hivyo: kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Mwanza, ya Ziwa Tanganyika iliyopo Kigoma, na ya Bonde la Kati iliyopo Singida. Maana yake ni kwamba samaki wa kijito hiki wanaweza wakawa wa ukoo mwingine kabisa na samaki wa kijito cha jirani, japo mtu anatembea kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine kwa siku moja. Naomba msomaji alishike hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye joto. Samaki anavuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba hewa kidogo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu tu. Wakati huohuo mwili wa samaki katika joto unadai hewa zaidi, kama mtu anayekimbia. Matumizi yanapanda, mshahara unashuka. Ongeza kwamba lambo la Septemba ni dogo, lina tope, limejaa kinyesi cha ng'ombe kinachooza na kula hewa hiyohiyo. Ndiyo maana asubuhi nyingine watu hukuta perege wadogo wameelea matumbo juu, na lawama zinawaendea wachawi au mtu aliyetia sumu. Mara nyingi ni kukosa pumzi tu.

Lakini kambale hafi siku hiyo. Kwa nini? Kwa sababu yeye ana kiungo kando ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Kamongo amemzidi. Yule ana mapafu hasa, na maji yakikauka huchimba tope, akajikunja humo na kujifunika utando wa ute unaokauka kama mfuko, akaacha tundu la kupumulia. Anaweza kukaa humo miezi mingi akingoja mvua, na waliomjaribu katika maabara wamemkuta anavuka hata mwaka mzima.

Wapo wengine wa ajabu zaidi, ambao wengi wetu tumewaona tukiwa watoto bila kuwajali: visamaki vidogo kama kidole cha mtoto, madume yao yana rangi nyekundu na buluu za kung'aa, vinavyotokea katika madimbwi ya mvua yasiyounganika na mto wowote. Wazee wengine husema vinashuka na mvua. Wataalamu wanaviita Nothobranchius, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye aina nyingi za visamaki hivi duniani. Katika miaka ya karibuni wameandika aina mpya kadhaa kutoka bonde la Ziwa Victoria na la Malagarasi, yaani majirani zetu kabisa. Maisha yao yote ni msimu mmoja. Hutaga mayai ndani ya tope, dimbwi linakauka, wazazi wanakufa wote, mayai yanabaki yamezikwa ardhini mpaka mvua ijayo.

Hapa nilimsimulia mzee mmoja wa huku, mkulima wa siku nyingi, kwamba mayai hayo hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Baadhi huanguliwa, mengine hubaki yamelala yakingoja mvua ya pili, na mengine huweza kuvuka hata msimu mzima. Mzee akacheka. Akaniambia, "Sasa Ustadhi, hicho si ndicho tunachofanya sisi? Mbegu yote hauitupi kwa mvua ya kwanza. Mvua ikikudanganya utakula nini?"

Kasema kweli. Hivyo viumbe hawa wamezoea mvua inayodanganya. Kinachowashinda ni mvua inayodanganya pamoja na sisi.

Dalili za mabadiliko hazitafutwi mbali. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka mpaka likaacha mialo ya wavuvi kwenye nchi kavu. Ukame ulichangia, na maji mengi yaliyofunguliwa kule Jinja kwa ajili ya umeme nayo yalichangia. Miaka 14 tu baadaye, Mei 2020, ziwa hilohilo likapanda na kuipita hata rekodi ya mwaka 1964, nyumba za pwani zikazama. Ziwa Tanganyika nalo, watafiti waliandika mwaka 2003 kwamba maji ya juu yamepata joto kiasi cha kutochanganyika vizuri na ya chini yenye rutuba, na kwamba uzalishaji wa vijimea ambavyo ndio msingi wa chakula cha dagaa umepungua kwa kadiri ya asilimia 20. Hayo ni maziwa makubwa. Lambo la mtaa lina nguvu gani?

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, mwaka 2018 lilitoa ripoti ya viumbe wa maji baridi wa bonde la Ziwa Victoria. Katika aina 651 walizozipima, asilimia 20 ziko katika hatari ya kutoweka. Ama zile 204 ambazo hazipatikani popote pengine duniani, walio hatarini ni asilimia 76. Kamongo alitajwa humo kuwa anapungua, kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa maeneo oevu kugeuzwa mashamba. Fikiria, mnyama aliyewezeshwa kuvuka kiangazi kirefu ndani ya tope anashindwa kuvuka jembe letu. Maana huku kwetu kamongo aliyelala hufukuliwa, na shimo lake hujulikana kwa lile tundu la kupumulia.

Nije sasa kwenye lambo. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yalifika Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na baadaye bomba likasogezwa mpaka huku Kagongwa na Isaka. Ni neema kubwa, na anayekumbuka foleni ya ndoo za saa tisa usiku hawezi kuisema vibaya. Lakini nimeona jambo ambalo halizungumzwi. Zamani lambo lilikuwa na wenyewe. Watu walikunywa humo, kwa hiyo kulikuwa na sheria: ng'ombe wanywe upande huu, nguo zifuliwe mbali, mti wa ukingoni usiguswe, na aliyevunja alilipa faini. Tangu bomba lilipokuja lambo limekuwa la yeyote. Pampu zinavuta mpaka tope la mwisho kumwagilia nyanya, ukingo umelimwa hadi ndani ya maji, matete yamechomwa. Kwa hesabu ya binadamu hakuna aliyepata kiu. Kwa hesabu ya samaki hiyo ndiyo nyumba ya mwisho ya kiangazi, na imebomolewa katika miaka ileile ambayo kiangazi kinazidi kuwa kikali.

Wenye bonde la Usangu, kule Mbeya, walitutangulia katika hili, nao pia ni watu wa mpunga. Mwisho wa mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao ulikuwa unatiririka mwaka mzima, ulikatika wakati wa kiangazi. Tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila mwaka kwa wiki au miezi, viboko wakibanana kwenye madimbwi na samaki wakifa. Sababu kubwa inayotajwa ni maji kuchotwa mengi huko juu kwa mashamba na mifugo. Mvua ina sehemu yake, sikatai, lakini mfereji hauchimbwi na mvua.

Kuna na msaada unaoumiza. Siku hizi kila penye lambo jipya utasikia, tupandikize sato. Sato ana soko, anakua upesi, sina ugomvi naye kwenye sinia. Lakini tukumbuke historia. Ziwa Victoria lilikuwa na tilapia wake wa asili, ngege na mbiru, na ngege ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa biashara. Nyavu zilimpunguza. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 wakaingizwa sato na sangara kutoka maji mengine ili kuongeza mavuno. Mavuno yaliongezeka kweli, viwanda vikajengwa, mapato yakaja. Lakini furu, ambao walikuwa aina kama 500, wanakadiriwa kupotea aina 200 hivi, na ngege karibu atoweke kabisa katika ziwa lenyewe. Amebaki wapi? Katika vijiziwa vya pembeni na mabwawa madogo ambako wageni walikuwa hawajafika! Malambo haya tunayoyadharau ndiyo maghala ya mbegu iliyopotea ziwani. Sasa ukimtia sato humo, anamnyang'anya mwenzake chakula, kisha anazaliana naye, na baada ya vizazi kadhaa hakuna ngege wala sato, kuna machotara. Mbegu ya asili iliyozoea maji ya huku haitarudi tena. Na ukichukua ndoo ya samaki kutoka kijito cha upande wa Malagarasi ukaimwaga upande wa Ziwa Victoria, unafanya hayohayo kwa udogo. Ndiyo sababu nilieleza lile paa la nyumba.

Hata kuchimba kila dimbwi liwe lambo la kudumu si heri kwa wote. Vile visamaki vya msimu vinahitaji dimbwi likauke. Likikaa na maji mwaka mzima, kambale huingia na kuvimaliza.

Siwezi kuandika kutoka ukanda wa dhahabu nikanyamazia marudio. Penye karasha na mialo ya kuoshea mchanga pana zebaki, na penye zebaki karibu na mto pana samaki wenye sumu, kwa kuwa zebaki ikishaingia majini hubadilika na kujijenga katika nyama ya samaki hadi kwa mlaji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Uhusiano wake na hali ya hewa ni huu: mvua zinazokuja kwa mkupuo, milimita nyingi kwa saa chache, hubomoa kingo za mashimo ya marudio ambazo mvua za zamani zisingezibomoa. Kwa hiyo umbali uliotosha miaka 20 iliyopita leo hautoshi.

Haya, tufanye nini? Mwaka 2020 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mpango wa dharura wa kuokoa viumbe wa maji baridi, na ukiusoma kwa macho ya Kagongwa unakuta hauna mageni mengi: mto uachiwe maji yake, maji yasitiwe uchafu, maeneo oevu yalindwe, uvuvi na uchimbaji mchanga uwe wa kiasi, wageni wasiingizwe, njia za samaki zisizibwe. Wasukuma walikuwa na chao, ngitili. Ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, lifunguliwe kiangazi kwa mifugo. Mkoa wa Shinyanga ulipofikia kuitwa jangwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa kuwarudisha watu kwenye desturi hiyo. Wakati huo ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ilirudi na ndege wakarudi. Tunachokosa ni ngitili ya maji.

Msomaji Muislamu hapo atakumbuka hima. Mtume (s.a.w.) alitenga eneo la Naqii karibu na Madina kuwa hima kwa ajili ya farasi wa umma, na wanazuoni wa fiqhi wakaandika kwa kirefu kuhusu harimu ya kisima, yaani ule mzingo usioruhusiwa kumilikiwa wala kuharibiwa. Lebanon katika miaka ya 2000 walifufua jina hilo, na moja ya hima zao ni eneo oevu la Kfar Zabad katika bonde la Bekaa, linalosimamiwa na wanakijiji pamoja na halmashauri yao. Sheria yetu wenyewe ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Harimu tunayo basi, imeandikwa na ina namba.

Nilipomweleza mkulima mmoja habari ya mita 60 alinitazama, akauliza, "Ustadhi, hao samaki wako watanilipia ada ya mwanangu?" Ni swali la haki. Mita 60 pande zote za lambo dogo ni ekari kadhaa, na mwenye jaruba moja huwezi kumwambia aliache. Ninachosema ni kwamba kuna mengi kabla ya hapo yasiyomgharimu mtu jaruba. Lambo liwekewe kijiti cha alama, na maji yakishuka hapo pampu zote zizimwe, maana kina cha magoti kilichobaki kinatosha kuwavusha wazazi wa samaki wa mwaka ujao. Upande mmoja wa ukingo, hata hatua 20, uachiwe matete na miti, kwa kuwa kivuli ndicho feni ya samaki. Katika kona ya chini ya majaruba lichimbwe shimo la kina cha mita moja ambamo kambale watajikusanya maji yakipungua. Anayetaka sato achimbe bwawa lake lisilotiririkia mtoni, na kabla ya kununua vifaranga aulize ofisi ya uvuvi ya wilaya au taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, wanatoka wapi na ni aina gani.

Na faida yake kwa huyo mwenye ada ipo. Kambale wa jaruba ni kitoweo cha miezi ambayo nyama haishikiki bei. Vyura na kereng'ende hula wadudu wa mpunga na mbu, na kamongo hula konokono, wale wale wanaobeba kichocho. Kanda ya Ziwa tunajua gharama ya malaria na kichocho hospitalini.

Limebaki la njia. Samaki wa mito yetu huzaa kwa kupanda. Mvua kubwa za kwanza zikishuka, kambale huacha maji makuu na kupanda vijito hadi kwenye majani yaliyofunikwa na maji ili kutaga. Ningu wa Ziwa Victoria alikuwa na tabia hiyohiyo, akapanda mito kwa makundi, nyavu zikamsubiri kwenye midomo ya mito mwaka baada ya mwaka, na leo yuko katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Sisi tunawasubiri kambale kwenye makalavati kwa vyandarua vya mbu, usiku uleule wa kwanza, kabla hawajataga. Zikiwa mvua zinakuja mara moja badala ya mara tatu kwa msimu, basi usiku ule ndio pekee walionao. Kwa mtaa wenye lambo, kikao cha Oktoba kinatosha kupanga mambo mawili: alama ya pampu iwekwe wapi, na makalavati yafungwe kwa nyavu wiki ngapi tangu mvua ya kwanza. Mimi kwenye kikao cha kwetu nitapendekeza wiki tatu.